Mbuzi, Mwambie Fundi wa Stima

Masudi alikuwa na sugu kwenye bega la kuume, na sugu ile aliipata kwa chungu cha stima. Chungu chenyewe kilikuwa cha chuma, cha kuchemshia maji yatoe mvuke wa kuisukuma stima ndogo ya mtoni ya Bwana Gérard, na kilifika Kindu kwa miguu ya watu. Masudi alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili waliokibeba kwa nguzo, siku arobaini porini, mvua juu, tope chini. Walipokitua, aliapa mbele ya wenzake: "Mimi na mizigo, basi! Hata kikapu cha karanga sibebi tena!" Akajifunza mashine, akawa fundi, akamwoa Jamila, akaanza kutembea bega limeinuka kidogo ili watu waione sugu na waulize.

Na walipouliza, jamani, aliwaeleza mpaka wakajuta.

Sasa stima ikaugua. Ikiwa imefungwa ukingoni, mashine ikizunguka polepole, ilitetemeka mwili mzima: puf, puf, kimya, kisha puf moja kubwa ya kushtua kuku, halafu kimya tena. Ikipelekwa kupanda mkondo, nguvu hakuna, mto unairudisha nyuma. Wagenya, wavuvi wa mto ule, wakapita na mitumbwi yao wakiimba, na mmoja akamnyooshea Masudi kafi: "Fundi, kamata! Saidia mashine yako!"

Bwana Gérard alikuwa na mafua, na mafua yalimwongezea hasira. "Kesho asubuhi stima inapanda mpaka ule mchanga mukubwa wa katikati ya mto," alisema akipenga kamasi. "Haifiki, tunaifungua yote. Chungu kinarudi kule kilitoka. Na weye njo mwenye kujua njia yake."

Sugu ikaanza kumuuma Masudi hapohapo.

Akaanza kutafuta ugonjwa. Kwanza alimrukia Bulaimu, mchochea moto. "Kuni zako ziko mbichi!"

"Mbichi?" Bulaimu alitupa gogo chini likalia. "Hizi? Ni kavu kuliko mudomo wa mwenye kufunga! Tafuta mwingine wa kumusingizia."

Na kweli, moto ulikuwa unanguruma. Masudi akakaza kila parafujo. Wapi! Akafungua kile kinu cha chuma ambamo mchi wa mashine hupanda na kushuka, akabadilisha pamba na mafuta ya kuziba pembeni, akafunga. Puf, puf, kimya. Bomba la mvuke likatema matone meupe mpaka ukingoni.

Pale ukingoni palikuwa na kidimbwi cha maji yaliyotulia. Masudi mwenyewe ndiye aliyeamuru maji ya stima yachotwe humo, kwa sababu maji ya mtoni yana mchanga, na mchanga hula chuma. Alijisifia akili hiyo wiki nzima. Humohumo mkwe wake, mama yake Jamila, aliloweka mihogo yake mpaka ilainike. Harufu yake ilikuwa kali, lakini Kindu nzima imeizoea, na Bwana Gérard siku hizo pua yake ilikuwa pambo tu.

Na mkwe, kwao, hatazamwi usoni, haitwi jina, wala hasemeshwi. Masudi akipita aligeukia mto. Mama naye alijifunika kichwa. Tangu harusi hawajasemeshana neno.

Alasiri ile Masudi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, karibu kulia, aliposikia sauti ya mama nyuma yake.

"Weye mbuzi! Angalia kaniki yangu. Hii chuma imeitemea mate, na sasa imekauka, njo imekakamaa sawa ngozi!"

Masudi akageukia mto haraka. Mbuzi wa mama, aliyekuwa amefungwa kwenye kigingi, aliendelea kutafuna; kumsemesha yeye hakukuwa mwiko.

"Mbuzi, mwanamuke akichemsha maji ya kulowekea mihogo, chungu kinafanya nini? Kinafura! Povu inapanda mpaka inazima moto. Mutoto mudogo anajua hiyo. Lakini kuna watu wakubwa, kazi yao kufungua na kufunga tu."

Masudi aliona aibu, na aibu ikageuka ukali. "Mbuzi," akauambia mto, "chungu cha stima si chungu cha jikoni."

"Mbuzi, muulize huyo mutu maji anachota wapi."

Masudi akainuka. Alikwenda kwenye kibomba kidogo chini ya kinu, akakifungulia. Kikatoka kitu cheupe kinachonata. Akaonja kwa kidole. Uchachu ule aliujua tangu utotoni.

"Lahaula! Mihogo!" Kumbe povu lilikuwa linapanda bomba pamoja na mvuke, linaingia kwenye kinu, na mchi unasongwa na maji badala ya kusukumwa. Hapo mashine itaacha kukohoa?

Jua halijazama, yeye na Bulaimu walikuwa wamekimwaga chungu, wamekisuuza, wamekijaza maji ya katikati ya mto yaliyochujwa kwa kitambaa.

Asubuhi mashine ilipiga puf zake moja baada ya moja, bila kukosa hata moja. Stima ikapanda mkondo, ikawapita Wagenya, ikafika mchangani. Bwana Gérard akampiga Masudi begani, palepale penye sugu. "Fundi mukubwa! Umeona wapi ugonjwa?"

Ingekuwa rahisi kukubali. Masudi akalishusha bega lile. "Si mimi, Bwana. Ni mukwe wangu."

Waliporudi, mama alikuwa ukingoni, amejifunika. Masudi akageukia mto. "Mbuzi," alisema, "asante. Asante sana."

"Mbuzi, mwambie huyo mutu, hiyo chuma imekunywa maji yangu, ikavuruga mihogo vikapu vitatu. Ingine iko shamba, na mugongo wangu unauma."

Masudi akakamata kikapu. Bulaimu akashika mbavu kwa kicheko. "Fundi! Na kile kiapo?"

"Niliapa juu ya mizigo," Masudi akasema. "Hii ni mihogo ya mukwe."

Akaenda shambani mara tatu, kikapu juu ya sugu, jasho likimtiririka. Safari ya tatu mama alitangulia na mbuzi wake, bila kugeuka nyuma.

"Polepole, mbuzi," alikuwa akisema. "Mwana wetu asichoke."