Lipu ya Jikoni kwa Shangazi

Mimi ni fundi wa lipu, na sina subira na mtu anayepiga lipu mpya juu ya lipu kuukuu. Nikiikuta kazi ya namna hiyo kwa mteja, huuliza ni fundi gani aliyeifanya, ili nijue nani wa kutompa mkono tukikutana. Lipu ya zamani hukwanguliwa mpaka jiwe lionekane, jiwe likaoshwa, ndipo mwiko ukaanza kazi. Hilo hata anayejifunza kazi kwa siku ya kwanza analijua.

Isipokuwa jikoni kwa shangazi yangu. Pale, kila mwaka mvua zikikatika, nilikuwa napiga lipu juu ya lipu, na mdomo nimeufunga. Babu yangu ndiye aliyeacha agizo hilo: "Ukuta wa jikoni haukwanguliwi. Unaongezwa." Ukiuliza sababu, unaambiwa unyevu. Babu alikuwa amekwisha kufa zamani, lakini katika nyumba yetu neno lake lilikuwa bado linakula na kunywa.

Kwa hiyo jiko lilizidi kupungua. Mlango wa kabati ulikuwa unafunguka nusu tu, na sahani shangazi alizitoa kwa ubavu kama anayemtoa kuku kwenye tundu. Palikuwa na meza na kiti kimoja. Nikienda kula kwake, na nilikwenda mara nyingi maana ndiye aliyenilea, nilikula nimesimama mlangoni, sahani mkononi. "Ukikua utapata kiti," alikuwa akiniambia, nami nina mvi.

Shangazi ni fundi wa magodoro. Chumba cha mbele ndicho karakana yake, na daima ana pamba kwenye nywele na sindano ndefu imechomekwa kwenye mkono wa gauni. Ni mwanamke mcheshi, mwenye ulimi, na hakuwahi kuolewa. Si kwamba hakuposwa. Hapo ndipo linapoingia neno la pili la babu.

Mji wetu uliwahi kuwa na kuta mbili. Ukuta wa ndani upo hadi leo, unazunguka soko kuukuu, na wageni hawaishi kuupiga picha. Wa nje umetoweka wote, hata kokoto haikubaki. Wazee walisema ulipita katikati ya mtaa wetu, upande wetu ukiwa ndani ya mji na upande wa pili ukiwa nje. Babu aliamini hivyo kuliko alivyoamini kwamba jua litachomoza, na kabla ya kufa alimwita binti yake kitandani akamwahidisha: asiolewe na mtu wa nje ya ukuta. Ukuta ambao babu mwenyewe hakuwahi kuuona! Nikilifikiria jambo hilo hadi leo masikio yanapata moto.

Maana ng'ambo ya mtaa, nje ya mji kwa upana wa mkokoteni tu, anaishi Mwokaji.

Mwokaji ni mjane, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, unga hautoki kwenye nyusi zake. Kila asubuhi alikuwa akivuka na mkate mkononi, amsalimie shangazi mlangoni.

"Jirani, umeamkaje?"

"Salama, jirani. Mkate wako umeungua tena."

"Nimekuunguzia makusudi. Si ndivyo unavyoupenda?"

Ndivyo alivyoupenda. Mwokaji alikwisha kumposa zaidi ya mara moja, na kila mara jibu lilikuwa neno moja tu: nimeahidi. Wala hakuacha kuleta mkate. Basi wiki ile ninayoisimulia alikuja akasimama muda mrefu kuliko kawaida, akamwambia kwamba binti yake anayeishi mji mwingine anamtaka ahamie kwake, aache habari za kuamka alfajiri na kuchochea moto. "Mwisho wa wiki nitampa jibu," alisema. "Ukisema nibaki, jirani, nitabaki. Ukinyamaza, nitajua." Shangazi alinisimulia haya huku akishona godoro, akajichoma sindano, jambo ambalo halijapata kutokea.

Wiki hiyohiyo mtafiti akaja. Alikuwa binti wa jumba la makumbusho, mchangamfu, na kofia iliyomzidi kichwa. Wakubwa wa mji walikuwa wameamua ule ukuta wa nje uchorewe mstari barabarani, watu wajue ulipita wapi, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuutafuta msingi. Alipofika mtaani kwetu na wachimbaji wake, shangazi alifunga kitambaa chake kizuri kichwani akawapikia chai.

"Tangu lini unawapikia chai wachimba mashimo?" nikamuuliza.

Akanivuta pembeni. "Huenda baba alikosea," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huenda ukuta ulipita nyuma ya tanuri la jirani, sio mbele. Ukipita nyuma, na yeye ni mtu wa ndani." Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya msichana. Nikaomba, mimi nisiyeomba sana, ukuta ule upite mbali kabisa, hata mji wa pili.

Haukupita mbali. Waliukuta msingi wake katikati ya mtaa kabisa, mawe makubwa yaliyolala chini ya udongo, na mtafiti akapiga mstari wa chokaa juu yake. Mstari ulipita kati ya mlango wa shangazi na mlango wa Mwokaji. Shangazi aliutazama. "Haya," akasema, "baba hakukosea." Akakusanya vikombe vyake, akaingia ndani. Niliona mabega yake yameanguka, na roho iliniuma.

Kesho yake asubuhi Mwokaji alikuja na mkate kama kawaida, lakini akasimama upande wake wa mstari, akaunyosha mkono juu ya chokaa. Mtu mzima yule! Shangazi naye akasimama upande wake, akaupokea kwa kunyosha mkono vilevile. Hakuna aliyesema mkate umeungua.

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Hasira zikanipanda. Nikamfuata shangazi mpaka jikoni.

"Shangazi, ule sio ukuta. Ni chokaa. Mvua ikinyesha hakuna."

"Ahadi ni deni."

"Deni kwa nani? Babu keshakufa!"

"Ndiyo maana siwezi kumwomba anisamehe," alisema.

Mimi nikiwa na uchungu, mkono ndio husema. Nikaupiga ukuta kofi. Ukuta ukatoa sauti ya debe tupu, nami sauti ile naijua: lipu imeachana na jiwe. Nilimshika shangazi kiunoni, nikaruka naye mlangoni. Lipu ya miaka yote, ya babu, ya baba yangu, na ya kwangu mwenyewe niliyoipiga nikijua kabisa siipigi sawasawa, ikashuka kwa mkupuo mmoja. Meza ikazama. Vumbi likatuziba macho.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwokaji. Alivuka mtaa mbio na kuukanyaga mstari wa mtafiti bila kuuona, akamkuta shangazi amekaa kizingitini, mweupe wa chokaa kama yeye alivyokuwa mweupe wa unga. Akampapasa kichwa kwa mikono yote miwili.

"Umeumia? Nijibu!"

"Sijaumia. Toa mikono, watu wanatazama."

Lakini hakukwepa, na mikono ikabaki pale pale.

Mtafiti alikuja nyuma yake kuona kishindo ni cha nini. Vumbi lilipotulia akachungulia jikoni. Kisha akavua ile kofia. Ukuta wa jikoni ulikuwa umebaki uchi, mawe makubwa ya kuchongwa, na kwenye kila jiwe palikuwa na alama moja: duara na mkwaju, yaani mstari wa mshazari, unaolikata kati.

"Waashi wa ukuta wa mji walikuwa wanafanya kazi kwa vikundi," alitueleza, kidole chake kikifuata duara. "Kila kikundi kilichonga alama yake, ijulikane nani kajenga wapi. Alama hii nimeiona jana kwenye msingi, hapo nje mlangoni." Akakaa juu ya bonge la lipu akaanza kucheka. "Nimezunguka mji mzima kuutafuta ukuta huu. Kumbe umeingia ndani!"

Alitusimulia basi. Ukuta ule ulijengwa kwa hofu ya maadui ambao hawakuja. Mji ukakua, ukamwagika nje yake, watu wakaanza kuyatamani mawe. Wakubwa wa wakati ule wakatoa amri kwamba atakayekutwa na jiwe la ukuta nyumba yake itabomolewa. Watu wakaitikia ndiyo bwana, na ukuta ukaendelea kupungua. Amri yenyewe ilifutwa babu yetu hajazaliwa.

"Kwa hiyo haukuwa unyevu," shangazi alisema.

"Unyevu gani?" nikamwambia. "Ukuta mkavu kama biskuti."

Mwokaji alikuwa anajikuna shingo. "Basi niseme tu," alisema polepole. "Alama hizo mbona na kwangu zipo?"

Tukavuka wote. Mdomo wa tanuri lake ulikuwa umezungukwa na mawe yaleyale, duara na mkwaju, meusi kwa moshi, yanaonekana na kila anayekuja kununua mkate. Hakuna aliyewahi kuyafunika. Mwokaji akainamisha kichwa kama mtoto aliyefumaniwa, akasema bibi yake alikuwa akiwasimulia kwamba mawe yao na ya nyumba ya ng'ambo yalitolewa pamoja. Wao walivuta kutoka nje, wale wakavuta kutoka ndani, ukuta ukapungua, ukapungua, mpaka wakaonana nyuso. "Wakasalimiana," alisema. "Bibi alikuwa anacheka sana akifika hapo."

"Na miaka yote hiyo hukuniambia?" shangazi akamuuliza.

"Ningekuambiaje? Nikupose, halafu nikwambie wazee wako walikuwa wezi?"

"Na wa kwako je?"

"Wa kwangu kila mtu anajua walikuwa wezi. Tanuri liko wazi."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukingo wa tanuri. Kisha kicheko kikamwisha, akasimama akiutazama mtaa. Nilijua anachokifikiria kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria. Babu hakuwa na chuki na watu wa ng'ambo. Alirithi woga. Watu wa ng'ambo walijua jikoni kwetu kuna nini, na mtu anayejua siri yako humpi binti yako akaja kukaa naye, akakorofishana naye, akaropoka. Woga ulirithiwa, sababu yake ikasahauliwa, ukabaki unajiita heshima ya watu wa ndani.

Nikaona hapa ndipo pa kumsaidia. "Shangazi," nikasema, "babu alikataza nje ya ukuta. Sasa ukuta wenyewe nusu uko kwako, nusu uko kwake. Kwa hiyo ukiolewa naye hujatoka nje ya…"

"Wewe nyamaza," alinikata. "Usiniletee ujanja wa maneno. Nilimwahidi baba na nimetunza ahadi mpaka nimezeeka nayo. Nilidhani naitunza heshima yake. Kumbe nilikuwa namsaidia kuficha mawe." Machozi yalikuwa yanamshuka na kuchora mistari kwenye chokaa ya mashavu, naye hakuyafuta. "Nilimpenda baba yangu. Bado nampenda. Lakini hakuna tena anayekuja kutubomolea nyumba."

Akamgeukia Mwokaji. "Binti yako mwambie utakwenda kumtembelea. Kumtembelea tu, umesikia?"

Mwokaji alisikia. Alichukua mkate kwenye rafu, akautazama, akaurudisha, akachukua mwingine ulioungua zaidi.

Mchana ule nilikwangua mabaki yote yaliyong'ang'ania ukutani, kama kazi inavyotaka, nikayaosha mawe moja moja, na mtafiti akayapiga picha mpaka akachoka. Nilikuwa naimba. Nilipomaliza, mlango wa kabati ulifunguka wote, ukalia, ukakaa. Shangazi aliniuliza kama nitapiga lipu nyingine. Nikamjibu kwamba mwiko wangu umestaafu jikoni kwake.

Akaupima upenyo uliopatikana kati ya meza na mawe kwa macho, kisha kwa mapaja yake mwenyewe. Akaenda karakana, akarudi na kiti, akakisukuma mahali ilipokuwa lipu. Kikaenea bila kugusa ukuta.

Mstari wa chokaa mvua imekwisha kuufuta, na wakubwa wa mji bado wanabishana ni rangi gani itakayodumu. Mwokaji hukaa kwenye kiti kile kila asubuhi baada ya kutoa mikate, mgongo ameuegemeza kwenye duara na mkwaju. Mimi nikienda kula kwao bado nakula nimesimama mlangoni, sahani mkononi, kwa sababu nafasi iliyopatikana ilikuwa ya kiti kimoja tu.