Karwirwa Alipopona Kabla ya Kuugua

Karwirwa alipimwa sukari Jumamosi moja kanisani Githongo, kabla hajatia kitu mdomoni. Mashine ikaonyesha sita nukta nne. Alikuwa mjane, mkulima wa kahawa, na mwili haukuwa umewahi kumsumbua.

"Mama, huna kisukari," nesi Susan alimwambia. "Kwa mtu ambaye hajala, tunapenda iwe chini ya sita. Ikifika saba, tukirudia tuipate vilevile, huo ni ugonjwa. Wewe uko katikati. Ukipunguza wanga, ukatembea, tumbo likapungua kidogo, inaweza kurudi kawaida."

Jioni aliwaeleza wanawe, Munene na Muchangi. Hakuona sababu ya kuficha. Wao walisikia neno moja tu, sukari. Sukari ndiyo iliyomzika baba yao, mguu uliokatwa ukitangulia.

"Nimesema sijaugua," alirudia.

"Hata Baba alisema hivyo," Munene akajibu.

Hawakumletea mboga wala hawakumuuliza nesi alisema nini kingine. Walimletea mpimaji wa mashamba. Walidai ni kwa faida yake, apumzike, aone watoto wake wameelewana angali ana macho. Winfred, mke wa Munene, alimtoa jembe mkononi kwa upole sana. Karwirwa alikuwa bado anauota ule mguu wa mumewe, akakubali shamba ligawanywe kati yao wawili. Akabakiziwa nyumba na migomba michache nyuma ya jiko.

Kwa kuwa hakuwa tena na shamba, alitembea. Kila asubuhi aliteremka hadi mtoni, akaupanda mlima kurudi. Chai bila sukari ilimshinda mwanzoni, kisha akaizoea. Mahali pa sahani nzima ya nduma alikula kipande kimoja, na maharagwe, na mboga nyingi za terere. Nguo zikaanza kumpwaya. Majirani walimtazama wakatikisa vichwa.

"Inammaliza," walisema.

Miezi ikapita. Alikwenda Nkubu kupimwa tena, tumbo likiwa tupu. Tano nukta mbili. Aliyempima alimwambia hiyo ni ya kawaida, asirudie ulaji wa zamani, aje tena mwakani. Karwirwa alitoka akicheka peke yake.

Nyumbani aliwakuta wanawe na mafundi. Kahawa aliyoipanda na mumewe ilikuwa imeng'olewa, mashina yamelala mizizi juu, na msingi wa nyumba unachimbwa.

"Imeshuka," akawaambia. "Niko kawaida. Naweza kulima."

Munene alimtazama kama mgeni aliyekosea siku. "Ni vizuri, Mama. Lakini utalima wapi?"

Muchangi hakuinua kichwa. Fundi mmoja aliacha kuchimba, akamtazama Karwirwa, akaendelea.

Jumapili, mchungaji alipowaita wenye ushuhuda wa uponyaji wasimame, Karwirwa alibaki ameketi. Wanawe walikuwa benchi la mbele, wakiimba.