Hili Si Zoezi

Ofisini kwetu Jumatatu huanza kwa uongo. Bosi wetu, tunayemwita Mama Tahadhari, humwomba mtu wa nje apige simu saa tatu kamili na kujifanya abiria aliyekwama: kaibiwa pasipoti, kaugua njiani, basi limezama topeni. Anayepokea ana dakika kumi za kumkwamua. Wakala wa safari, anasema bosi, hapimwi siku mambo yakiwa shwari. Mimi mazoezi haya nayapenda kufa. Ndiyo maana wananiita Kiherehere.

Jumatatu hiyo simu ikalia, nikaidaka kabla ya Mzee Ramani, dereva mstaafu anayetupangia safari za barabara. Mwanamke analia. Ndege yake imefutwa kwa sababu ya ukungu, nyingine ni kesho, naye lazima alale hospitali leo. Nikajua tu huyu ni wifi yake bosi, maana kulia ndiyo fani yake. Nikacheka. Nikamwambia wifi, leo umejitahidi, ila punguza kamasi.

Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mdogo wangu anapasuliwa kesho asubuhi. Figo anayowekewa ni yangu. Nisipofika leo wanaahirisha, na yeye hana siku za kungoja."

Papo hapo simu ya pili ikalia mezani. Ndiye wifi sasa, kachelewa, anaanza kilio chake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba yule mama radhi, nikawageukia wenzangu nikawaambia hili si zoezi.

Basi ikawa patashika nguo kuchanika! Bosi akapekua kompyuta: kiti kimoja, kimoja tu, ndege ya mchana, kutoka mji wa jirani, mwendo wa saa tatu kwa gari. Kaunta ya kuandikisha abiria inafungwa saa sita na robo, na ukutani ilikuwa saa tatu na dakika saba. Akakikamata kile kiti kwanza, maswali baadaye. Mzee Ramani akavuta daftari la madereva. Kila mwezi huwapigia wote, mmoja mmoja, kuhakikisha namba bado ni zao na magari bado yanatembea. Wengine wamemchoka mpaka wanamwita mke wa pili. Aliyekuwa karibu na uwanja alikokwama yule mama alipokea kwenye mlio wa kwanza, tangi limejaa. Saa tatu na dakika kumi na nne mama alikuwa garini. Dakika saba! Jamani, nilijiona naweza kulisukuma lile gari kwa mikono yangu.

Tangu hapo sikukaa kitini. Mzee Ramani alimwelekeza dereva apite njia ya viwandani akwepe daraja linalotengenezwa, nami nikawa najibu wateja wengine bila kujua nasema nini. Saa sita na dakika kumi na mbili gari bado lilikuwa linaingia mjini. Roho juu juu, nikapiga simu kaunta ya uwanja. Nikaanza kumuuliza dada wa pale habari za mizigo: mwisho kilo ngapi, mwavuli nao unapimwa, na kikapu je. Alinijibu kwa upole, baadaye kwa kuguna. Maswali yakaniishia. Saa sita na dakika kumi na tisa akasema anafunga, na tayari kachelewa kwa ajili yangu. Nikamweleza ukweli wote kwa pumzi moja, mama, mdogo wake, figo. Nikasikia viatu vinakimbia sakafuni, mtu anahema, kisha dada wa kaunta akisema, "Kitambulisho, mama."

Nikaruka nikagonga goti kwenye droo, na wala sikusikia maumivu. Bosi, ambaye sijawahi kumwona akicheza, alikuwa anacheza katikati ya ofisi bila muziki, na mteja aliyekuja kuulizia nauli akabaki kashika mlango.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia. Sauti ya mwanaume, hafifu, ya mtu aliyelala.

"Amefika," akasema. "Ana vumbi mpaka kwenye kope. Dada yangu hajawahi kuwahi popote maishani. Harusi yangu alikuta tunaosha vyombo. Leo nilikuwa nimeshamsamehe tangu asubuhi."