Malengelenge ya Zipora

Zipora hakuweza kukaa. Tangu Kagongwa alikuwa amesimama ndani ya basi, khanga ameishikilia isiguse ubavu, na hata alipofika zahanati ya Kahama alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Malengelenge yalikuwa yamemzunguka nusu ya kiuno, yanawaka. Tena alikuwa mjamzito, mimba kubwa. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika.

Daktari Lin, mwanamke wa Kichina aliyekuja mwaka ule wa sabini na tatu, alimkagua. Kisha akachukua chaki, akaandika herufi moja mezani. Msaidizi wake, Donatus, alikuwa akijifunza Kichina, na kila ugonjwa aliomba aandikiwe.

"Hiyo inasemaje?" Zipora akauliza.

Donatus akajivuna kidogo. "Hii ya nje ni mgonjwa, amelala kitandani. Na hii ya ndani ni mtoto yuko tumboni."

Zipora hakungoja zaidi. Alijifunga khanga akatoka kabla ya kupewa dawa.

Akaenda stendi, akageuka. Akaingia sokoni, akapita kati ya magunia ya mchele, akatokea upande wa pili. Mtoto alipocheza aliogopa. Alipotulia aliogopa zaidi. Mwishowe hofu ikageuka hasira. Kama ni kuambiwa, basi aambiwe yote! Akarudi.

"Daktari, mtoto wangu anaumwa nini?"

"Mtoto?" Daktari Lin akatazama meza, akamtazama Donatus, akamwambia maneno ya haraka.

Donatus akatokwa na jasho. "Nisamehe, mama. Nilikueleza nusu."

Daktari mwenyewe akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Watu wa zamani sana wanachora mtoto ndani ya mama. Baadaye, mchoro ule unakuwa neno: kufunika. Unaweka na ugonjwa: ngozi inafunika maji." Akaonyesha lengelenge. "Hii tu. Mtoto, hapana."

"Basi msikilize," akasema Zipora.

Akalala. Daktari akaweka pembe ya kusikilizia tumboni, akainamisha sikio, na baada ya kitambo akaanza kugonga meza kwa kidole, mbiombio, kama moyo ulivyokuwa ukipiga.

"Rudia," alisema Zipora. Daktari akarudia.

Malengelenge yalikauka kabla ya mavuno. Na alipojifungua binti, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kabla hata ya kumpa ziwa alimgeuza huku na huku, akimkagua kiuno.