Bi Mtetemo

Simpendi mwanamke anayecheka huku akizungusha funguo za gari kidoleni. Mteja wetu huyo ndivyo alivyokuwa akiingia uani, na kabla hajasalimia mtu ameshamwambia mume wangu, "Fundi, lile gonjwa langu limerudi." Gonjwa lenyewe lilikuwa usukani. Akiendesha polepole mjini, gari shwari. Akishika barabara kuu na kukanyaga mafuta, usukani unamtetemekea mikononi. Nikampachika jina la Bi Mtetemo. Wifi yangu, anayepokea wateja pale mbele, alilipenda jina hilo, na tangu hapo kila akimwona ananiambia kwa upole wa kinafiki, "Wifi, mgeni wako huyo."

Mgeni wangu! Mimi ndiye ninayesimamia mashine ya kubalansi katika karakana yetu. Tairi likishavishwa kwenye rimu na kujazwa upepo, nalifunga kwenye mashine, linazunguka, mashine inaniambia upande gani mwepesi. Upande huo naubandika vipande vidogo vya risasi vyenye gundi, kwa ndani visionekane, kisha nazungusha tena mpaka isome sifuri, maana tairi lililoelemea upande mmoja ndilo linalotetemesha usukani gari likienda kasi. Kazi yangu haina kasoro, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Baada yangu mume wangu anayarudisha matairi kwenye gari, anakaza nati, halafu anakwenda kulijaribu barabarani. Na Bi Mtetemo pembeni yake, bila shaka.

Walikuwa wakikawia. Mume wangu, ambaye mimi akinijibu "mm" nashukuru, alikuwa akirudi kutoka huko ana maneno mdomoni. Siku za gari lile alinyoa ndevu. Nilipomwuliza akasema ndevu zinamwasha. Ndevu gani hizo zinazowasha kwa kungoja mteja? Nikashikwa na wivu. Hila ya yule mama niliijua: anapita kwenye mashimo makusudi ili risasi zidondoke, apate sababu ya kurudi kuninyang'anya mume wangu. Nikawa nampa maji ya kunywa bila kumtazama. Kiti cha wateja nilikitoa kivulini nikakiweka juani. Wifi akaniambia wivu utanizeesha, nikamwambia atangulie yeye.

Siku moja mume wangu alikwenda kununua matairi, na Bi Mtetemo akaingia. Akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi ni mimi. Alisita kidogo, kisha akanikabidhi funguo.

Nilipiga jeki, nikafungua tairi la mbele, nikaingiza mkono ndani ya rimu kutafuta risasi nilizobandika kwa vidole vyangu mwenyewe. Moja haikuwepo. Nilifurahi, nawaambia kweli, nilijua leo nimemkamata. Nikachukua tochi ili nimwonyeshe na kumwaibisha.

Furaha ikaniishia pale pale. Risasi ikidondoka yenyewe huacha gundi yake, na gundi hushika vumbi mpaka iwe nyeusi. Hapa palikuwa peupe. Pamebanduliwa taratibu na kufutwa kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mpaka pakang'aa. Mafundi wengine hawahangaiki hivyo, wanabandua kwa bisibisi na kuacha mikwaruzo. Ni mume wangu tu asiyevumilia gundi kwenye rimu. Mimi mwenyewe yeye ndiye aliyenifundisha kufuta, na mkono wake umezoea hivyo hata akiwa anafanya uovu. Nikafungua tairi la pili. Vilevile. Kumbe nikishamkabidhi matairi ayarudishe, ndipo anapozibandua.

Nikamwuliza yule mama kama amewahi kulipeleka gari kwa fundi mwingine. Akasema angetamani sana, maana kila akija kwetu anapoteza nusu siku ya kazi. Ila mume wangu alimwonya asithubutu, wengine watamharibia rimu. Na wakienda kulijaribu, mume wangu ndiye anayeendesha, tena polepole. Tena humpigia simu kumwuliza kama mtetemo umeanza.

"Yeye ndiye anayekupigia?"

"Ndiyo, dada. Nilidhani ndio utaratibu wenu." Akakitazama kiti chake kule juani. "Na mimi sina raha ya kuja hapa. Unavyoniangalia, hata hayo maji nayameza kwa shida."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wivu wangu ulikuwa umeizoea njia ya kwenda kwake, sasa ukasimama katikati haujui uelekee wapi. Nikakirudisha kiti kivulini. Nikabandika risasi mpya, nikazungusha, sifuri. Matairi niliyafunga mwenyewe, nati nikakaza mwenyewe, hata wifi sikumruhusu asogee.

Tukatoka wawili mpaka barabara kuu, mimi nikiendesha. Gari likashika kasi na usukani ukatulia kimya mikononi mwangu. Nikampisha ajaribu yeye. Akacheka kile kicheko chake, na kwa mara ya kwanza nikasikia ni kicheko tu, cha mtu aliyefurahi. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Mume wangu alirudi jioni. Wifi alikuwa ameshamnong'oneza. Alishusha matairi yote, akayapanga, ndipo akaja kwenye mashine yangu kama mtu anayepita tu.

"Nasikia yule mteja wa mtetemo alikuja."

"Alikuja. Gari lake limepona."

"Matairi alifunga nani?"

"Mimi. Na kulijaribu nimelijaribu mimi."

Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu mchana, makali, ya kumvua nguo mbele ya dada yake. Nilingoja aanze kubisha. Gari sugu likipona mume wangu hupiga mluzi, hunitania, huniita mke wa fundi aliyemshinda fundi. Siku hiyo uso ulimshuka kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akageuka akalitazama lango la ua.

"Hakusema atarudi lini?"

"Gari limepona," nikamwambia. "Arudi kufanya nini?"

Nikamngoja. Uongo wowote angenipa, hata wa kitoto, ningeupokea. Hakunipa.