Mahali pa Heshima Kwenye Lori

Zamda alipata sifuri katika swali la lori, na wala halikuwa swali gumu. Mwalimu Yordani, aliyewafundisha fizikia kidato cha pili kule Korogwe, aliuliza: lori likisimama ghafla, mzigo utakwenda wapi? Zamda akajibu utarudi nyuma. Mwalimu akasimamisha chupa ya wino juu ya kipande cha ubao, akakisukuma, kisha akakizuia ghafla kwa mkono. Chupa ikaanguka mbele, wino ukailowesha sketi ya Zamda.

"Kitu kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda," alisema mwalimu. "Lori limefungwa breki. Mzigo haukufungwa."

Wiki mbili baadaye, likizo ya mwaka sabini na nne, lori likaja kwao, nje kidogo ya Misima, kuhamisha kaya tatu kwenda kijiji kipya cha ujamaa. Dereva, Kasmiri, alikuwa na haraka utadhani anafukuzwa. Magunia ya mahindi, vinu, milango iliyong'olewa na mawe ya kusagia vikarundikwa katikati. Kamba? Kamba zilikwisha kwenye mbuzi. Kisha watu wakapangwa kwa adabu: vijana nyuma kwenye vumbi, na mkubwa kuliko wote mbele, mgongo ukiegemea kabini, mahali pasiporusha sana. Mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi Chausiku, aliyemlea Zamda tangu utotoni.

Bibi akaketi, miguu ameinyoosha, anatabasamu. Mbele ya nyayo zake likasimama lile rundo.

Zamda akalipima rundo kwa macho. Njiani kulikuwa na mteremko mrefu wa kwenda mtoni. Aseme nini? Kwamba walipomweka Bibi kwa heshima ndipo mzigo utakapoangukia? Wangesema amekuja kuwaringia na shule, na shule yenyewe kapata sifuri! Tena ni mbele au nyuma? Akaikumbuka sketi. Mbele.

"Bibi," akanong'ona, "njoo ukae nami nyuma. Hapa utakohoa moshi."

"Mimi nikae na watoto?"

"Nakuomba, Bibi wangu."

Bibi akaguna, akalalamika, lakini akashikwa mkono, akavushwa magunia mpaka nyuma. Zamda akamkumbatia na kushusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo alipoona. Mahali pa mkubwa hapaachwi patupu. Jirani yao, Mzee Semboja, aliyemfuata Bibi kwa umri, alikuwa anaketishwa palepale, akikunja kanzu yake isichafuke.

"Ahsante, dada," mzee akapaza sauti. Bibi akampungia mkono.

Zamda akafungua mdomo. Kasmiri akapiga honi, lori likashtuka, watu wote wakayumba kinyumenyume wakicheka, na mdomo ukafungwa. Pengine hatafunga breki ghafla, akajiambia. Pengine magunia ni mazito mno, hayatasogea. Kila kona aliikodolea macho ile mizigo, na kila kona akaapa kwamba inayofuata atasema.

Kwenye mteremko, ng'ombe wakakatiza barabara. Kasmiri akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori likasimama. Rundo halikusimama.

Walipoyaondoa magunia, Mzee Semboja alikuwa hai, anaomba maji, na mguu wake wa kulia umepinda mahali pasipo na goti. Kasmiri alishika kichwa, akirudia kwamba ni bahati mbaya, nani angejua?

Bibi Chausiku aliyatazama magunia yalipolala. Akapatazama pale alipokuwa ameketi. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Ulijua?"

Zamda alitaka kusema hakuwa na hakika. Alitaka kusema yeye ni mtoto tu, nani angemsikiliza.

"Nilijua, Bibi."

Bibi akautoa mkono wake mkononi mwa Zamda.

"Basi nenda kamwambie," akasema. "Anadhani nilimpisha kwa wema."