Maji ya Mgeni wa Asafo

Aboatia mmoja alisimama langoni kwa Mama Konadu, mtaa wa Asafo, kofia mkononi, nyayo zimeelekea nyuma kama za watu wote wadogo wa msituni. Wapangaji waliokuwa wakitwanga fufu wakashusha michi.

"Unataka nini?" Mama Konadu akauliza.

Aboatia akaizungusha kofia yake mkononi.

"Au ulimi nao umegeukia nyuma?" Sarpong, fundi cherehani, akadakia. Ua mzima ukacheka.

Serwaa, mpangaji mpya, hakucheka. Mgeni hukalishwa, akapewa maji, ndipo akaulizwa kilichomleta. Kila mtu pale alilelewa hivyo. Lakini tangu misitu ikatwe na watu wadogo wahamie Kumasi, hakuna aliyewapa hata kigoda. Wao hawajaiacha desturi. Kwao, kuulizwa kabla ya maji ni kufukuzwa. Huyu amefukuzwa na bado amesimama. Basi ana shida kubwa.

Tatizo ni kwamba anayetoa maji ndiye mwenyeji, na Mama Konadu alishasema: atakayewakaribisha hao, afungashe virago naye. Serwaa alikuwa na miezi mitatu tu katika chumba kile, baada ya kukitafuta mwaka mzima.

Akaleta kigoda na bakuli la maji. Mgeni akaketi, akanywa, akamwaga matone chini kwa ajili ya wazee.

"Huku kwetu ni kwema," Serwaa akasema. "Wewe je, umekuja na lipi?"

"Naitwa Bediako, dada. Mke wangu ana uchungu tangu asubuhi, chini ya daraja la Subin. Mto unajaa. Hii ni nyumba ya tisa."

Hakuna aliyecheka tena.

"Serwaa," Mama Konadu akasema, "unajua ulichofanya?"

"Najua, Mama. Nitafungasha. Ila ajifungulie chumbani kwangu kwanza, tafadhali."

Mama Konadu aliyatazama yale matone mchangani. Alikuwa amezaa sita, mmoja wao kando ya barabara, watu wakipita.

"Kitanda chako kinalia kama mbuzi," akasema. "Alazwe kwangu. Sarpong! Toa mkokoteni, maana mdomo unao."

"Mama, mimi nilikuwa natania tu..."

"Tania huku unasukuma."

Kuhusu kufungasha hakusema neno, na Serwaa hakuuliza. Alichukua vitenge vyake viwili vilivyo safi, akatoka mbio kumfuata Bediako.